Kwa Soren, Kabla Hujatia Sahihi

Sogeza bakuli la supu, nipishe.
Barua ya chuo ije hapa, chini ya taa.
Nje theluji inaiangukia Duluth bila kuulizwa,
na mama amelala na viatu vya hospitali miguuni.
Usimwamshe. Hesabu hii ni yangu na yako.

Tazama ukurasa wa pili.
Juu wameandika MSAADA, kwa wino mnene,
kisha wakapanga vitu vinne chini yake
kama ndugu wa baba mmoja.
Si ndugu.
Huyu ni ruzuku: hairudishwi. Ipokee kwa mikono miwili.
Huyu ni kazi ya maktaba, saa kumi kwa wiki,
vumbi la vitabu na ujira halali.
Hawa wawili wa mwisho ni deni
lililovaa shati la Jumapili.

Usinune. Deni nalo lina tabia, lisome.
Lipo linalolala wewe ukiwa darasani;
serikali hulilipia riba,
na ukishahitimu lina miezi sita ya kupiga miayo
kabla halijakuita kwa jina.
Lakini ana pacha. Sura ile ile, jina karibu lile lile,
ila pacha halali.
Siku pesa zinapotua chuoni, anaanza kula.
Nilikuwa nakariri mifupa ya taya, yeye anakula.
Krismasi, anakula.
Nilimkopa elfu sita. Nilipovaa joho
nilikuta elfu saba na ushei,
na ushei nao ukaanza kuzaa.

Husemwa: kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi hata harusi sikuiona.
Nilitia sahihi kwenye simu,
nikiwa foleni ya mkate na jibini.

Sasa hii ya benki,
yenye picha ya msichana anayecheka nyasini.
Soma hapa: "riba kuanzia asilimia nne."
Shika neno hilo, *kuanzia*.
Ndilo lililonichongea.
Lilianzia, kweli. Halikusema litaishia wapi.
Na benki haikuamini wewe, inataka mdhamini,
mtu mzima mwenye nyumba na jina safi.
Mjomba Einar aliniwekea jina lake,
akacheka, akaniuliza kama kalamu nayo ni ya mkopo.
Kliniki ilipofungwa, miezi mitano sikulipa.
Simu hawakunipigia mimi peke yangu.
Aliuza mashine yake ya kusukuma theluji.
Hajawahi kuitaja.
Ana miaka sabini na mmoja, anafukua njia kwa koleo.

Hapana, sikwambii usiende.
Nasafisha meno ya watu na naipenda kazi yangu,
naipenda hata harufu ya glavu.
Nakwambia uende ukiwa macho.
Jaza kwanza fomu ya serikali, leo, si Machi.
Chukua lile linalolala, mpaka senti ya mwisho.
Pacha, mchukue kwa kijiko, si kwa ndoo.
Kesho piga simu ofisi ya fedha, uulize bila haya:
mwaka wa pili ruzuku hii bado ipo?
Na kama baada ya yote bado pana pengo
ambalo benki tu ndiyo inaweza kuliziba,
basi chuo hicho ni ghali, Soren;
si wewe uliye mdogo.
Kipo kile cha huku kwetu, miaka miwili,
ukilala kitandani kwako. Usikunje uso.

Unaniuliza: "Wewe, Marlys, umebakiza kiasi gani?"

Naandika pembeni ya barua, kwa penseli.
Unaitazama ile namba muda mrefu
kuliko ulivyotazama picha za mabweni.

Kisha unanyanyuka, unavaa buti.
Saa nne usiku. Barua umeiacha wazi mezani,
mstari wa sahihi mtupu,
na kupitia dirishani nakuona
unapita nyumba ya kwanza, ya pili,
koleo begani,
kuelekea kwa Einar.